Suti ya Marehemu Wote

Bibi Zipora Kaduma aliposema kwamba amemwona babu yake njia panda ya Makambako amevaa suti, Koplo Ambrose Sanga aliandika kwenye faili kuwa mlalamikaji ameanza kuchanganyikiwa. Aliandika kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari chini yake, kisha akamsogezea bosi wake lile faili kama mtu aliyekwisha maliza kazi.

Inspekta Hilda Mtweve alisoma, akainua macho.

"Maneno yenyewe alisemaje? Si haya yako. Yake."

"Afande, bibi anakaribia miaka themanini. Ametoka kufungwa plasta hospitali ya Ilembula, na dawa za maumivu unazijua."

"Alisemaje?"

Ambrose akakohoa. "Alisema, mwambieni yule mama mpelelezi nimemwona babu. Wamemtundika pale magari yanapokata kona kuja Njombe. Wamemvalisha suti, na babu yangu hakuvaa suti maisha yake yote. Halafu akaanza kulia."

Hilda hakuhitaji kufungua faili kuyakumbuka mengine. Wiki iliyopita, mchana kweupe, mtu alivunja mlango wa Bibi Zipora, kijijini kwake, nusu ya njia kati ya Makambako na Njombe, wakati mwenyewe yuko shambani anachimba viazi. Bibi alirudi kufuata kikapu, akamkuta mtu ndani amejifunga kitambaa usoni. Akasukumwa, akaangukia jiwe la kusagia, mkono ukavunjika. Redio ilibaki mezani. Simu ilibaki kwenye chaji. Kuku hawakuguswa.

Kilichoondoka ni picha moja ya ukutani, ya kale, iliyopigwa na mmisionari wa Kijerumani wakati vita vya Maji Maji vinaishia. Wanaume watano wamefungwa mnyororo mmoja kwa pete za chuma shingoni, na askari mweusi pembeni ameushika. Wa katikati, mwenye kovu juu ya jicho, ndiye aliyemzaa baba yake Zipora. Hakurudi nyumbani na hakuna ajuaye alikozikwa, kwa hiyo kila Pasaka, wenzake wakienda makaburini na maua, Zipora alikuwa anayaweka ya kwake chini ya picha ile. Nakala nyingine hakuna.

Jioni ya tukio polisi walimkamata mjukuu wake, Amon, kwa sababu mwaka juzi alimwibia bibi mabati akayanywea pombe ya ulanzi. Mkuu wa upelelezi wa wilaya aliridhika kabisa, akaenda kula. Hilda hakuridhika. Mlevi gani anaacha redio na simu, akabeba picha ya wafungwa? Atamuuzia nani? Lakini hakuwa na kingine cha kuweka mezani, na Amon alikuwa bado mahabusu, analala juu ya saruji kwenye baridi ya Njombe ya mwezi wa saba.

"Washa gari," alimwambia Ambrose. "Twende tukamsalimie huyo babu."

*

Makambako upepo haupumziki. Bango lilikuwa limefungwa kwenye nguzo mbili karibu na njia panda, linapigwapigwa huku malori ya mbao yakipita chini yake. SIKU YA SHUJAA WETU, liliandikwa. MZEE YEREMIA NYAGAWA, JEMADARI WA MAJI MAJI. UZINDUZI WA MNARA WAKE, NJOMBE, JUMAMOSI HII. WOTE MNAKARIBISHWA. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo zisizokuwa ndogo sana: kwa hisani ya mjukuu wake, Mzee Gideoni Nyagawa, mbao na parachichi.

Ambrose alisimama mikono mfukoni. "Afande, huyu ni babu yake Mzee Gideoni. Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua tangu lini?"

Ambrose alifikiri. Alikuwa mtu wa Matamba, mkweli hata pale ukweli unapomtia aibu. "Tangu mabango yalipowekwa," alisema.

Hilda alisogea karibu na bango. Alikuwa ameitambua ile suti.

Ilikuwa ya bluu iliyoiva. Tai nyekundu yenye mistari myeupe, leso nyeupe imechungulia mfukoni, na kwenye kola ya koti kibanio kidogo chenye umbo la jani. Kifungo cha juu kilikuwa kimelegea, kinaning'inia kwa uzi. Suti hiyo Hilda aliifahamu vizuri. Mwaka jana, kule kwao Lugarawa, aliifuata nyuma ya jeneza. Baba yake alikuwa mkulima ambaye hakuwahi kumiliki koti la aina yoyote. Alipofariki, ndugu walichukua kitambulisho chake cha mpiga kura wakakituma Makambako kwa Remmy mpiga picha, na picha ya kubebwa mbele ya msalaba ikarudi mzee amependeza, bluu iliyoiva, tai nyekundu. Watu walisifu. Mwezi uliofuata Hilda akaenda kumzika jirani, akaiona tena. Akaenda kumzika mwalimu wake, akaikuta imemtangulia.

Sasa alikuwa anaitazama kwenye kifua cha mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Juu ya jicho la mtu huyo palikuwa na kovu. Hilda akageuka kuupa upepo uso wake.

"Studio ya Remmy iko wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya soko. Kwani vipi?"

"Yeye ndiye fundi cherehani wa babu."

*

Remmy alikuwa mtu mnene, mchangamfu, koti la baridi limemkaba mabegani. "Kamwene, kamwene! Karibuni, mama. Pasipoti au familia?"

Hilda hakukaa. Aliangalia ukuta. Marehemu walikuwa wamepangwa kuanzia darini hadi usawa wa meza, wazee na vijana, wanene na waliokondeana, wote na tai nyekundu, wote na kifungo kile kile kinachoning'inia.

"Hawa ni wateja wako?"

"Ndugu zao ndio wateja. Wao wenyewe ni marehemu."

"Na wote walikuwa na suti moja?"

Remmy akacheka kwa raha, kama fundi aliyesifiwa. "Mama, mtu anakuja na kitambulisho, marehemu amevaa fulana imechanika shingoni. Utamzika na fulana? Mimi namsitiri. Suti yenyewe ni ya shemeji yangu, nilimpiga siku anaoa."

"Shemeji yuko hai?"

"Mzima kabisa. Anauza spea hapo stendi."

"Basi mvalishe huyu." Hilda alimsukuma Ambrose mbele.

"Afande!"

"Kaa hapo, angalia kamera, usicheke."

Remmy alidhani ni utani wa polisi, akafanya kazi yake. Muda si muda uso wa Koplo Ambrose ukatokea kwenye kompyuta umekaa juu ya mabega ya shemeji, umenyooka, umependeza, umekufa. Ambrose alijitazama akameza mate. Hilda aliinama karibu na kioo.

"Mbona kola yake imeishia hapa?" aliuliza. "Hapa chini, shingo yote inaonekana."

"Ndivyo ilivyo, mama. Kola ya kawaida."

"Na hawa wa ukutani pia ya kawaida. Baba yangu mwenyewe ulimpa ya kawaida. Ila shujaa wa kwenye bango kola yake imepanda mpaka kwenye taya. Alikuwa na nini shingoni, Remmy?"

Kicheko kikamwisha. Aliangalia mlango, akamwona Ambrose amekwisha simama pale.

"Mimi ni mpiga picha tu," alisema.

"Nimekuuliza cha shingoni."

"Chuma," Remmy alisema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia."

"Alikuwa na pete ya chuma, mama. Ilinitesa sana ile pete. Ukiifuta, shingo inabaki na kivuli, kama imekatwa. Nimehangaika nayo kutwa nzima. Mwisho nikaona bora nipandishe kola, iifunike." Alisema haya kwa namna ya mtu anayeomba ahurumiwe kwa kazi ngumu, na hapo Hilda alimchukia kabisa. Kinyaa alichokiona kilikuwa kama cha mtu aliyekuta unywele mdomoni.

"Nionyeshe ulichokifuta."

Remmy alikuwa ameiskani picha nzima kabla ya kuikata, kama afanyavyo kila fundi mwenye akili. Akaifungua. Wakatokea wote watano, wamesimama kwenye jua la miaka hiyo, pete shingoni, mnyororo umelegea kati ya mtu na mtu. Wa katikati alikuwa anaitazama kamera moja kwa moja. Mwisho wa mstari alisimama askari mwenye kofia ndefu na bunduki begani. Mkono mmoja ameshika mnyororo. Mkono wa pili umeshika kiboko kifupi cha ngozi, na mpini wake umezungushiwa waya wa shaba pingili tatu, za juu zimekaribiana, ya chini iko mbali.

"Kuza hapo," Hilda alisema, akigusa kiboko. Alikitazama kitambo. "Nichapie. Picha yote, na hicho peke yake."

Mashine ilipoanza kunguruma akauliza, "Nani aliileta?"

"Praygod, dereva wa Mzee Gideoni. Imefungwa kwenye gazeti, na fremu yake. Kesho yake mzee akaja mwenyewe, akakaa kwenye hiyo stuli, akachagua kwa kidole. Akasema huyu wa katikati ana uso wa kishujaa. Kovu niliache, linapendeza."

"Hukumuuliza kama ndiye babu yake?"

"Nilimuuliza, mama. Akaniambia, wewe mvalishe tu."

"Na wewe ukamvalisha."

"Kazi ni kazi."

Ambrose alikuwa amelifungua faili juu ya goti, ameshika kalamu, anaukata ule mstari wake wa asubuhi, anaukata tena na tena mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akachomoa nyaya za kompyuta, akaibeba kama kielelezo, na Remmy akatakiwa kufuatana nayo hadi kituoni.

*

Njiani Hilda alimpigia simu Bibi Zipora.

"Bibi, niambie. Ile picha, nani aliwahi kuitazama kwa namna ya kukushangaza?"

"Haikutoka nyumbani, mwanangu, ila siku ile ya jubilei ya kanisa. Niliipeleka na kitambaa chake. Nikasema atakaye kuitazama aitazame, ila simu asitoe. Babu alishapigwa picha mara moja bila kuombwa, yatosha. Wengi walipita. Gideoni wa mbao yeye alisimama pale mpaka watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Nikajua anamwombea."

"Asante, bibi."

"Jumamosi inakuja, mwanangu. Wakishamwita jina la mtu mwingine mbele ya umati, nitamrudishaje?"

Hilda alimwambia ale, apumzike.

Mzee Gideoni Nyagawa aliwapokea ofisini kwake Njombe, nyumba yote inanukia mbao mbichi. Kwa kweli ni Hilda peke yake aliyeingia, maana Ambrose alipitia kwanza kwenye uwanja wa magari kuongea na Praygod.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chai? Baridi hii bila chai utaganda." Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzuri ya kusomea neno kanisani. Kwenye meza ya pembeni palikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake, juu ya kitambaa chekundu, fimbo fupi ya ngozi iliyokauka, imepakwa mafuta mpaka inang'aa. Mpini wake ulikuwa na waya wa shaba. Pingili tatu.

Hilda alikuwa amekwisha sikia kwamba iko fimbo itakayoonyeshwa Jumamosi. Watoto wa shule walikuwa wanafundishwa wimbo wake, na zile pingili tatu zimetajwa humo.

"Hiyo ndiyo yenyewe, mzee?"

Uso wa Gideoni ukachangamka. Alifungua kioo, akaitoa kwa mikono miwili. "Hii ndiyo. Babu yangu Yeremia aliishika hii akiwaongoza watu vitani. Shika, uone uzito."

"Hapana, asante." Hilda aliiweka mikono yake nyuma. "Isije ikawa ni ya mtu mwingine, ikaingia tu kwenye ukoo."

"Ya mtu gani? Babu alimpa baba, baba akanipa mimi. Hata kuazimwa haijaazimwa. Hizi pingili alizizungusha kwa mkono wake, hakuna nyingine kama hii Ubena nzima."

Mlango ukafunguliwa, Ambrose akaingia. Akaitikia kwa kichwa, maana yake Praygod ameongea.

"Mzee, naomba umrudie koplo hayo maneno. Aandike vizuri."

Gideoni aliyarudia, akiongeza na madoido. Ambrose akaandika. Alipomaliza, Hilda alitoa ile chapa bahashani, akaiweka juu ya kioo cha sanduku, pale fimbo ilipokuwa imelala.

"Sasa itafute fimbo yako," alisema.

Gideoni aliangalia. Macho yake hayakutafuta chochote, yalikwenda moja kwa moja kwa askari, kama mguu unavyokwenda kwenye njia unayoijua, kisha yakakimbilia dirishani. Mkono uliokuwa umeshika kiboko ukaanza kutafuta mahali pa kukiweka, ukakosa.

"Nilidhani umeiba sura," Hilda alisema. "Kumbe sura ulijiongezea tu. Siku ya jubilei ulisimama mbele ya picha ya Bibi Zipora ukaiona fimbo yenu mkononi mwa huyu askari. Mnara umeshaanza kujengwa, watoto wameshaanza kuimba. Mtu yeyote aliyeiona picha akaja Jumamosi akaiona fimbo, angejua. Kwa hiyo picha ikabidi itoke ukutani. Na ilipokuwa mkononi mwako, ukaona kwamba shujaa wako hana uso."

"Watu wa zamani hao." Sauti nzuri ilikuwa imepasuka. "Wote wamekufa. Nani anaumia?"

"Mkono wa bibi umevunjika."

"Nilimwambia Praygod asubiri kwanza bibi aende shamba!"

Nje msumeno wa mbao ulilia, ukanyamaza.

"Andika na hilo, Ambrose," Hilda alisema.

Gideoni alikaa. Wengine wakishikwa hulia, na Hilda aliwahi kuwahurumia baadhi yao. Huyu alianza kujieleza, na kila neno lilizidi kumchafua. Kwamba babu alilazimishwa. Kwamba zamani hizo usipowafunga wenzako unafungwa wewe. Huenda ilikuwa kweli, Hilda angemsikiliza kama angeyasema hayo juu ya mnara. Kwamba mtu mkubwa kama yeye hawezi kusimama mbele ya mji akasema babu yake alishika mnyororo.

"Watoto wangu nao wanahitaji babu," alisema.

"Babu wanaye." Hilda aliweka kidole juu ya askari. "Huyu hapa. Picha halisi iko wapi?"

Ilikuwa kwenye kabati, bila fremu, chini ya katalogi za mashine. Hilda alivaa glavu, akaitoa picha, na pale pale akatamani kunawa. Gideoni alikuwa ameipitisha mkasi. Upande wa askari ulikuwa umekatwa kuanzia juu hadi chini, na utepe wenyewe, alisema, aliutia kwenye jiko la mkaa. Lakini mkasi ulikuwa umekwama sehemu moja ukazunguka. Ngumi ya askari ilikuwa imepita mbele ya kifua cha mfungwa wa tano, na huwezi kuiondoa bila kumpasua yule mfungwa. Ngumi ikabaki, haina mtu, imeshika mnyororo.

"Mkono ulinishinda," Gideoni alisema.

Hilda aliiweka picha kwenye mfuko wa vielelezo. Hakutaka kumgusa yule mzee hata kwa pingu. "Mfunge wewe," alimwambia Ambrose, akatoka nje kutafuta bomba la maji.

*

Amon aliachiwa mchana uleule. Hilda alimrudisha nyumbani mwenyewe. Walipofika, kijana alimwamkia bibi yake, akachukua kisu, akaketi kumenya viazi bila kuambiwa.

Bibi Zipora alikuwa amekaa kwenye jua la mlangoni, plasta imelala mapajani. Nyuma yake, ukutani, paliachwa mraba mweupe pale picha ilipokaa miaka yote.

"Bibi, lazima uitambue kwanza," Hilda alisema. "Halafu nitakaa nayo mpaka kesi iishe. Itarudi kwako, nakuahidi."

Akamshikia mfuko mbele ya macho. Bibi aliweka kidole juu ya plastiki, kwenye kovu.

"Huyu ndiye. Ile suti mmemvua?"

"Bango linashushwa saa hii. Jumamosi haipo tena. Hakuna atakayemwita Yeremia."

Hilda alingoja aone furaha. Lakini kidole cha bibi kilikuwa kimeanza kusafiri juu ya mnyororo, kutoka shingo hadi shingo, mpaka kikafika kwenye ile ngumi. Kikaishia kwenye ukingo uliokatwa, kikapapasa hewani.

"Yuko wapi mwenye mnyororo?"

"Walimkata, bibi. Wakamchoma."

"Mrudisheni."

"Bibi?"

"Mrudisheni hapo alipokuwa, na kiboko chake. Ataning'inia humu ndani na mimi, nimemzoea." Aliinua uso, na macho yake hayakuwa na machozi. "Mkimwacha babu hivi, vitukuu watamwona amesimama na chuma shingoni, watadhani alijifunga mwenyewe."

Amon aliacha kumenya. Hilda alisimama uani, akatoa simu, akampigia Ambrose kituoni.

"Ile kompyuta ya Remmy itunze vizuri," alisema. "Yule askari bado yumo."